Nani Mfaransa, Nani Mkenya?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni, Likoni



Tumetakiwa na kamati kuzungumza juu ya Wafaransa: ni watu wa namna gani, utamaduni wao umesimama juu ya nini, na kwa kigezo gani humtambua huyu kuwa mwenzao na yule kuwa mgeni. Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza Likoni na Paris vinahusiana vipi, ilhali sisi tuna shida ya feri na ya maji. Jibu letu ni kwamba kila anayedai mageuzi hana budi kuulizwa anayadai kwa niaba ya nani. Tunaposema "sisi wananchi", ni nani aliyemo ndani ya neno hilo, na ni nani aliyeachwa nje? Wafaransa wamelijibu swali hili kwa kelele nyingi kuliko mataifa mengi tuyajuayo. Wamewahi kulijibu vizuri, na wamewahi kulijibu vibaya kabisa. Na kipo kisiwa kimoja katika bahari hii hii yetu ambako wanalijibu hadi leo, mbele ya watu wasemao lugha iliyo dada ya Kiswahili.

Kabla ya mwaka 1789 Mfaransa alikuwa mtu wa mfalme. Jamii iligawanywa katika matabaka matatu: makasisi, makabaila, na wengine wote waliobaki, ambao ndio waliobeba mzigo wa kodi. Tarehe 26 Agosti 1789 bunge lao lilipitisha Azimio la Haki za Binadamu na za Raia. Lina vifungu 17 tu, nasi tunawashauri vijana wavisome. Kifungu cha tatu kinauweka msingi wa mamlaka yote katika taifa, si kwa mtu wala kwa ukoo. Kifungu cha 16 kinatamka kwamba jamii ambayo haki hazina dhamana, wala mamlaka ya dola hayajatenganishwa, haina katiba. Wale waliokuwapo zama za kifungu cha 2A, kabla hakijafutwa Desemba 1991, watakumbuka kwamba kitabu chenye jina la katiba tulikuwa nacho. Kwa kipimo cha Wafaransa hao, kilikuwa kitabu tu.

Hapa pana jambo la lugha. Neno letu "raia" tumelitoa katika Kiarabu, na huko asili yake ni kundi la wanyama linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Neno la Wafaransa, *citoyen*, limetokana na mji: ni mtu mwenye fungu lake katika mambo ya mji wake. Nalo "mwananchi" ni mwana wa nchi, yaani mtu aliyezaliwa nayo. Basi katika maneno mawili tuyatumiayo kila siku, moja linamfanya mtu kuwa mchungwa na jingine linamtaka awe mzaliwa. Lile la mtu mwenye fungu lake hatujalipata bado.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 1789, wanawake wa Paris walichoshwa na uhaba na bei ya mkate. Wakatembea kwa miguu hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, na kesho yake wakarudi naye mjini. Anayetaka kujua ni kwa nini Mfaransa wa leo akiudhika huteremka barabarani kwanza na kwenda mahakamani baadaye, aanzie hapo. (Sisi mawakili hatuipendi sana desturi hiyo, kwani inatupunguzia kazi.) Mkate kwao ni jambo la heshima, mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ustadi wa kuoka ule mkate wao mrefu katika orodha ya urithi wa binadamu. Wala tusiwaone wageni sana. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakipigwa na kufukuzwa, wala hawakuacha kudai watoto wao.

Lakini wanawake hao wa Paris, waliomrudisha mfalme kwa miguu yao, hawakupewa kura. Olympe de Gouges, aliyeandika azimio la haki za mwanamke mwaka 1791, alikatwa kichwa mwaka 1793. Mwanamke wa Kifaransa alipata haki ya kupiga kura mwaka 1944. Haya tunayataja mapema ili asiwepo atakayeondoka hapa akidhani tunamtangaza Mfaransa kuwa mwalimu wetu.

Taifa lililofundishwa shuleni

Wengi hudhani Wafaransa ni taifa moja kwa sababu daima walisema lugha moja. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1794 kasisi Henri Grégoire alilisomea bunge taarifa yake kwamba Wafaransa wasiopungua milioni sita hawakukijua Kifaransa. Huko Brittany walisema Kibretoni, huko Alsace lugha ya jamii ya Kijerumani, na kusini lahaja nyingi ambazo mtu wa Paris hakuzielewa. Taifa lilitangazwa kwanza. Watu wake wakatengenezwa baadaye. Chombo kikuu kilikuwa shule. Sheria za mwaka 1881 na 1882, zilizosimamiwa na waziri Jules Ferry, ziliifanya elimu ya msingi kuwa ya bure, ya lazima na isiyo ya dini yoyote.

Katika shule nyingi za Brittany, mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake alivishwa kitu shingoni cha kumfedhehesha, naye akakibeba mpaka amnase mwenziwe. Tunaona wazee wanatabasamu. Wangapi humu ndani walivishwa kibao kile kile kwa kosa la kusema Kidigo, Kigiriama, Kijaluo, au hata Kiswahili? Adhabu ilikuwa moja, ila mtoto wa Brittany aliadhibiwa ili aseme lugha ya taifa lake, nasi tuliadhibiwa ili tuseme lugha ya mtawala aliyekwisha kuondoka. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo sheria za Bunge huandikwa kwa Kiingereza, na hukumu nyingi mno husomwa kwa Kiingereza mbele ya mshtakiwa anayemtazama karani ili ajue kama anakwenda nyumbani au jela.

Mtaalamu wao Ernest Renan, katika mhadhara wake wa mwaka 1882, alishikilia kwamba kiini cha taifa si damu, wala lugha, wala dini. Aliona kiini chake katika ridhaa ya watu kuendelea kuishi pamoja, na katika kumbukumbu walizonazo kwa ushirika. Hii ndiyo sura ya Ufaransa ambayo Wafaransa wenyewe huipenda zaidi wanapojitazama kwenye kioo. Katiba yao ya mwaka 1958 inaitaja Jamhuri kuwa moja isiyogawanyika. Mwaka 1991 Baraza lao la Katiba lilifuta maneno yaliyowataja watu wa kisiwa cha Corsica kuwa watu mahususi, kwa hoja kwamba katiba inawajua watu wamoja tu, nao ni Wafaransa. Sensa yao haimuulizi mtu kabila wala rangi. Mkenya akisikia haya hushangaa, kwani kwetu sisi kabila huulizwa hata kabla ya afya.

Uzuri wa kanuni hiyo hauhitaji kuelezwa. Ila ina kasoro ambayo hata wakosoaji wa Kifaransa wameieleza: dola isiyohesabu asili za watu wake hupata shida kuona ni wa asili gani wanaonyimwa kazi na nyumba. Macho yaliyofumbwa kwa nia njema nayo hayaoni.

Kuhusu dini, sheria ya mwaka 1905 ilitenganisha dola na makanisa. Shabaha yake ya awali ilikuwa nguvu za Kanisa Katoliki. Karne moja baadaye, mwaka 2004, sheria nyingine ilikataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zilizo wazi, na kwa vitendo waliohisi uzito wake zaidi ni wasichana wa Kiislamu wenye kujitanda. Kenya nayo, kwa Kifungu cha 8, haina dini ya dola. Lakini sisi tulitafsiri jambo hilo kwa njia nyingine. Dola ya Kifaransa haina dini kwa kumtaka kila mtu aache dini yake mlangoni, na dola yetu haina dini kwa kumruhusu kila mtu aingie na yake. Kwa maoni yetu, hapa sisi ndio tuliofanya vyema.

Damu, ardhi na karatasi

Tuingie sasa katika sheria, ambako ndiko riziki yetu iliko. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1889 iliweka kanuni kwamba mtoto aliyezaliwa Ufaransa, na ambaye mzazi wake naye alizaliwa Ufaransa, ni Mfaransa tangu kuzaliwa. Hahitaji kuomba. Kanuni hiyo ingalipo.

Lakini karatasi iliyotolewa na dola yaweza kurudishwa na dola. Nahodha Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi na Mfaransa kwa kila hali, alihukumiwa mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuutenda, na Uyahudi wake ulitosha kuwashawishi wengi. Januari 1898 mwandishi Émile Zola aliwashtaki majenerali kwa majina yao katika gazeti, naye mwenyewe akafikishwa mahakamani. Dreyfus alisafishwa mwaka 1906. Kisha mwezi Julai 1940, baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani, serikali ya Vichy ilitunga sheria ya kupitia upya uraia wote uliotolewa kwa maombi tangu mwaka 1927. Watu wapatao 15,000 walinyang'anywa uraia wao, wakiwamo Wayahudi wengi. Mtu alilala Mfaransa, akaamka hana nchi, wala hakuwa ametenda kosa lolote usiku ule.

Nao Waislamu wa Algeria, ambao nchi yao ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe, waliishi kwa miongo mingi chini ya kanuni za adhabu zisizomhusu Mfaransa mweupe. Wao walikuwa raia kwa ile maana ya zamani ya Kiarabu.

Sasa tusafiri kusini, hadi kwenye mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Bukini. Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Hapa Mombasa zipo familia zenye asili ya huko, na mtu wetu akiwasikiliza Wamaore kwa makini hupata maneno mengi bila mkalimani. Ufaransa ilikipata kisiwa cha Maore kwa mkataba wa mwaka 1841. Kura ya maoni ilipofanyika Desemba 1974, visiwa vyote kwa jumla vilichagua uhuru kwa wingi mkubwa, lakini Maore wengi walisema hapana. Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ikashikilia kwamba kura ihesabiwe kisiwa kwa kisiwa, ikabaki Maore, ingawa Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne.

Kwa nini Wamaore walikataa? Walihofu kutawaliwa na visiwa vikubwa, hasa baada ya makao ya serikali kuhamishwa kutoka kwao Dzaoudzi kwenda Moroni, Ngazija. Ofisi ziliondoka, na mishahara ikafuata ofisi. Walioongoza upinzani huo walikuwa wanawake, miongoni mwao Zéna M'Déré. Walikuwa na silaha ya ajabu: waliwazingira viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya mpaka waondoke. Si propaganda ya Paris peke yake, basi. Watu wa Pwani, ambao mwaka 1963 walikuwa na hofu zao juu ya Nairobi, wanaweza kuielewa hofu hiyo hata kama hawaipendi hatima yake.

Mwaka 2009 Wamaore walipiga kura kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na mwaka 2011 wakawa. Walipewa haki, na walitozwa bei. Makadhi wao walivuliwa mamlaka ya kuhukumu kwa amri ya Juni 2010. Miezi miwili baadaye, Agosti 2010, Wakenya tulipiga kura kupitisha katiba ambayo Kifungu chake cha 170 kinazitambua Mahakama za Kadhi. Waislamu wa bahari moja, mwaka mmoja, wakapata majibu mawili.

Tangu mwaka 1995 Mkomoro anayekwenda Maore anatakiwa viza. Ndugu wa Nzuwani, aliyekuwa akivuka kuhudhuria harusi na kurudi, sasa huvuka usiku kwa mashua ndogo, na wengi wamezama. Karibu nusu ya wakaazi wa Maore wanahesabiwa kuwa wageni, na wengi wa wageni hao ni binamu wa wenyeji. Kisha mwaka 2018 Ufaransa isiyogawanyika ikatunga sheria ya kuzaliwa itumikayo Maore peke yake: mtoto wa wageni aliyezaliwa huko hanufaiki na kanuni za kuzaliwa ila mzazi mmoja awe alikuwa na kibali cha kukaa kwa zaidi ya miezi mitatu. Mwaka 2025 masharti yakakazwa, yakawahusu wazazi wote wawili na mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa Marseille na mtoto aliyezaliwa Maore wako chini ya bendera moja, ila hawapimwi kwa mizani moja. Sisi tunaona kwamba ukitaka kuijua dola usiende makao yake makuu. Nenda pembezoni, ukasimame kwenye foleni ya karatasi.

Ng'ambo ya kivuko

Pembezoni mwa Kenya ni hapa. Katiba ya uhuru ilimfanya Mkenya, tarehe 12 Desemba 1963, mtu wa himaya ya Mwingereza aliyezaliwa nchini ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Mtaona ni kipimo kile kile cha Wafaransa cha mwaka 1889. Na aliyezaliwa Kenya baada ya siku hiyo alikuwa Mkenya kwa kuzaliwa tu. Mwaka 1985, zama za chama kimoja, Bunge lilibadilisha kifungu hicho, likataka mzazi mmoja awe raia, na likairudisha nyuma sheria hiyo hadi mwaka 1963. Watu walioishi miaka 20 wakiwa Wakenya waliambiwa kwamba hawakuwahi kuwa. Hatusemi kwamba Nairobi ya 1985 ilikuwa Vichy. Tunasema kwamba kalamu iliyotumika ilikuwa ya aina moja, na tukio lile halikutajwa katika magazeti kama lilivyostahili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 14, imeendelea na kipimo cha mzazi.

Waulizeni Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa, wakazikana hapa, wala hawakuwa na vitambulisho. Oktoba 2016 waliamua kutembea hadi Nairobi kumwona Rais, ndipo serikali ikaagiza waandikishwe. Wapemba wavuvi wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi mwaka 2023. Na tazameni jinsi walivyoingizwa: kwa kutangazwa kuwa kabila. Kwa dola yetu haikutosha kuwa mtu. Ilibidi kwanza uwe kabila, kisha uwe Mkenya.

Kisauni hapo, Kengeleni, ipo kengele iliyopaachia mahali jina. Ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Walitoka Nyasa, Uyao na kwingineko, wengi wakiwa watoto waliosahau hata jina la kijiji chao. Kizazi chao ni kabila gani? Na Changamwe, iliyojazwa na wafanyakazi wa reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, mtoto wa Mjaluo na Mtaita aliyezaliwa Chaani, asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili, aandikwe nini?

Hapa Likoni hatuwezi kulizungumza jambo hili kama watu wa mbali. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, na kwa majuma yaliyofuata watu walioitwa wa bara walifukuzwa makwao kwa maelfu. Tume ya Akiwumi ilichunguza. Waliofukuzwa walikuwa raia kwa kila karatasi. Waliowafukuza, wengi wao vijana wasio na ardhi wala kazi, walikuwa nao wamenyimwa mengi na dola hiyo hiyo. Wanasiasa waliwagombanisha juu ya nani ni mzaliwa, nao wenyewe wakagawana kura. Malalamiko ya Pwani juu ya ardhi ni ya kweli, nasi tunayatetea mahakamani. Lakini hatutamtetea anayetaka kuyalipiza kwa jirani yake muuza mboga.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha uchujaji wa ziada uliowahusu waombaji vitambulisho wa maeneo ya mipakani. Tunalipokea. Lakini tangazo si sheria, na aliyelitoa, au atakayemfuata, aweza kuliondoa. Kifungu cha 12 cha Katiba ndicho tegemeo: kila raia ana haki ya pasipoti na hati za usajili. Hakisemi raia mwenye jina fulani, wala raia ambaye babu yake aliacha cheti.

Basi tunaomba jambo moja la vitendo. Kijana yeyote wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliyetimiza miaka 18, akatakiwa kuleta hati ambazo jirani yake hakutakiwa, asirudi nyumbani kimya. Aandike tarehe, ofisi, hati alizotoa na hati alizodaiwa. Kisha aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali. Akijibiwa, alete jibu. Asipojibiwa, alete nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Daftari liko mezani kwa katibu, karibu na mlango, na litakuwa hapo kila Jumamosi asubuhi.